Mwili wa Mtoto Unavyomtambua Adui

Leo nina jambo ninaloulizwa mara nyingi kliniki. Mama huleta mtoto wa karibu miaka miwili kwa sababu anakohoa. Nikifungua kijitabu chake naona chanjo zote zimewekwa alama mpaka miezi 9, halafu nafasi iliyobaki ni tupu. Nikimwuliza ile ya miezi 18 iko wapi, hunijibu, "Sista, si alishadungwa ya surua? Na mtoto ni mzima, unamwona anavyokimbia."

Simlaumu. Sisi wauguzi nasi humwambia mama arudi tarehe fulani bila kumweleza sababu, kwa kuwa foleni nje ni ndefu. Basi leo tuna nafasi, nieleze.

Mwili una ulinzi wa aina mbili. Wa kwanza ni ngozi, machozi, kamasi, na chembe nyeupe za damu zinazomeza chochote kigeni kinachoingia. Ulinzi huu huanza kazi kwa muda wa saa chache tu, lakini haumtofautishi adui mmoja na mwingine vizuri, wala haumkumbuki kama ule wa pili. Huo wa pili ndio ninaotaka tuuzungumzie, kwa sababu wenyewe hujifunza.

Fikiria shada kubwa la funguo, mamilioni ya funguo, na kila mmoja una meno yake. Mtoto huzaliwa na chembe nyeupe za namna hiyo. Kila chembe ina umbo lake la nje, na kazi yake ni kutafuta kufuli moja tu linaloingiana nalo. Kufuli hilo ni kipande cha kijidudu. Chembe hizi hazina macho, hutambua kwa kugusa. Mwili haujui ni adui gani atakuja kesho, kwa hiyo huweka funguo za kila aina, na nyingi huisha bila kukutana na kufuli lao.

Sasa virusi vya surua, au ukambi kama wengi wetu tunavyouita, vikiingia kwa pumzi ya jirani anayekohoa, chembe zinazolinda njia ya hewa huchukua kipande cha kirusi na kukipeleka kwenye tezi. Unazijua tezi hizo. Ndizo zinazovimba shingoni, kwapani au kwenye kinena, tukasema mtoto ana mtoki. Mle ndani chembe hupita zikikigusa kile kipande. Ile inayoingiana nacho huanza kugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne, mpaka zinakuwa maelfu. Baadhi yake hutengeneza kingamwili, ambazo huingia kwenye damu na kumganda adui asiweze kupenya. Nyingine huua chembe za mwili ambamo adui amejificha. Na kuna zile zinazotoa amri na kusaidia wenzake. Hizo ndizo virusi vya Ukimwi hushambulia, ndiyo maana mwenye Ukimwi huuguzwa na magonjwa ambayo mwingine angeyashinda.

Kazi hiyo yote huchukua wiki moja hadi mbili. Hapo ndipo penye hatari, mama. Adui hangoji funguo zitafutwe. Mtoto wa surua anaweza kupata nimonia, kuhara, au kuharibika macho wakati mwili bado unajifunza.

Akipona, chembe nyingi zilizopigana hufa, lakini chache hubaki miaka mingi zikikumbuka kufuli lile. Surua ikirudi, hazianzi tena kutafuta. Ziko tayari, na mtoto hata haugui. Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1846 katika visiwa vya Faroe, kule bahari ya kaskazini ya Ulaya. Surua ilikuwa haijafika huko tangu 1781. Iliporudi, watu takriban 6,000 kati ya 7,800 waliugua. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, aliulizia wazee walioipata utotoni miaka 65 nyuma. Hakupata hata mmoja aliyeugua mara ya pili.

Chanjo hufanya kazi hiyo hiyo bila mtoto kulipa bei ile. Tunaupa mwili virusi vya surua vilivyodhoofishwa, chembe zijifunze kwa usalama. Ndiyo maana homa ya chanjo hii mara nyingi haiji siku ya sindano, bali siku 7 hadi 12 baadaye, wakati umeshasahau. Ni chembe ziko kazini. Lakini ikiwa homa ni kali, au mtoto hanyonyi, au anashtukashtuka, usingoje. Mlete, maana huenda ni malaria au ugonjwa mwingine kabisa.

Sasa tuje kwa miezi 9 na miezi 18. Ukiwa mjamzito, ulimpitishia mtoto kingamwili zako kupitia kondo la nyuma. Humlinda miezi ya kwanza, kisha hupungua. Tukimchanja mapema mno, hizo zako huiua chanjo kabla chembe zake hazijajifunza kitu. Hata kwa miezi 9, kwa watoto wengine bado zimebaki. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa umri huo, takriban 85 hupata kinga. Hao 15 wanaobaki hatuwezi kuwatambua kwa kuwatazama. Wanakimbia na kucheza kama wenzao. Sindano ya miezi 18 ndiyo inayowapata.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Surua yenyewe hushambulia chembe za kumbukumbu. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, kabla na baada ya kuugua surua. Watoto hao walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Yaani mtoto anapona upele, lakini mwili umesahau maadui waliokwisha kushindwa. Utasikia mama akisema, "Tangu ile surua, huyu mtoto haachi kuugua." Hasemi uongo.

Kama miezi 18 ilipita, mlete hata akiwa na miaka miwili au mitatu. Hatuanzi upya, tunaendelea pale alipoachia. Mafua kidogo au kikohozi kidogo si sababu ya kumrudisha nyumbani. Katika vituo vya serikali chanjo hizi hazilipishwi. Na kama kijitabu kilipotea au kililoweshwa na mvua, njoo hivyo hivyo, tutatafuta jina lake kwenye rejista.