Je, Wajua? Mifupa, Haradali na Vumbi la Bomu Kiwandani Kodak

Je, wajua kwamba kiwanda cha filamu kilichotia picha mikononi mwa watu wa kawaida duniani kilijengwa mashambani ili kukwepa vumbi? Mwaka 1890 George Eastman alinunua mashamba nje kidogo ya Rochester, jimbo la New York, Marekani, na mwaka uliofuata kiwanda cha Kodak Park kikaanza kazi. Mjini kulikuwa na moshi. Chembe moja ya masizi ikitua juu ya filamu mbichi, baadaye hujitokeza kama doa kwenye uso wa bibi harusi, na hapo hakuna wa kulaumiwa ila kiwanda.

Eastman alikuwa karani wa benki. Jioni akitoka kazini alichanganya dawa jikoni kwa mama yake, mpaka akaweza kutengeneza vioo vikavu vya kupigia picha. Kabla ya hapo mpiga picha alipaka kioo dawa mwenyewe, akakitumia kingali kimelowa na kukisafisha papo hapo. Aliyesafiri alibeba hema la giza. Mwaka 1881 Eastman alianzisha kampuni pamoja na Henry Strong, mtengenezaji wa mijeledi ya farasi. Kamera ya kwanza ya Kodak ilitoka mwaka 1888 kwa dola 25, filamu ya picha 100 ikiwa tayari ndani. Ukizimaliza, uliirudisha kamera nzima kiwandani pamoja na dola 10. Wao walisafisha picha, wakatia filamu mpya, wakakurudishia.

Je, wajua kwamba filamu hutengenezwa kwa mifupa ya ng'ombe? Kinachopokea mwanga ni fuwele ndogo mno za madini ya fedha, yaleyale ya bangili, yakiwa yameungana na bromini. Fuwele hizo hushikiliwa na gelatini, ambayo hupatikana kwa kuchemsha mifupa na ngozi. Gelatini ikiharibika, kila kitu kimeharibika. Eastman alilijua hilo mapema, mwaka 1882, vioo vyake vilipoanza kufa madukani bila kupokea mwanga. Alisimamisha uzalishaji, akawabadilishia wafanyabiashara vioo vyote vibovu, na tatizo likaja kuonekana ndani ya gelatini aliyouziwa. Hasara ile ingeweza kuiua kampuni changa.

Jibu la kitaalamu lilichukua zaidi ya miaka 40. Mwaka 1925 Samuel Sheppard, mkemia wa maabara ya utafiti ya Kodak, alieleza kwamba gelatini nzuri ina chembechembe za viini vya salfa, vya jamii ile inayoipa haradali ukali wake. Ng'ombe aliyekula majani ya jamii ya haradali malishoni aliacha ukali huo mwilini mwake, na filamu iliyotokana naye ilipokea mwanga upesi. Mkuu wa maabara hiyo, Kenneth Mees, alipenda kusema kwamba kama ng'ombe wasingependa haradali, sinema zisingekuwapo. Tangu hapo wakemia waliweza kutia salfa wenyewe, kwa kipimo, badala ya kutegemea alichokula mnyama.

Upakaji wa gelatini hiyo juu ya filamu ulifanyika gizani. Fikiria chumba chenye mitambo mikubwa inayozunguka, filamu pana ikipita karibu na mkono wako, nawe huoni hata vidole vyako. Njia, vishikizo na kona zote ulizijua kwa kugusa na kwa mazoea.

Je, wajua kwamba mwaka 1926 Eastman mwenyewe alifika Kenya kwa safari ya uwindaji, akiandamana na wapiga filamu Martin na Osa Johnson, waliokuwa na kambi yao Marsabit? Miaka miwili baadaye alirudi tena Afrika.

Sasa tufike penye uzito wake. Je, wajua kwamba kiwanda hiki kiligundua majivu ya bomu la kwanza la atomiki? Wakati wa Vita Kuu ya Pili kadibodi ya kufungashia, iliyotengenezwa kwa karatasi kuukuu, ilionekana kuharibu filamu, maana ilichanganyika na mabaki ya radiamu, iliyotumika katika rangi ya saa zinazong'aa gizani. Kodak ikahamia kadibodi ya mabua mapya. Lakini baada ya vita filamu za eksirei zikaanza kutokea na madoa meusi. Mwanafizikia Julian Webb alifuatilia kadibodi hadi kinu cha Vincennes, jimbo la Indiana, kilichotumia maji ya mto Wabash, na akakuta ndani yake seriamu-141, kitu kisichopatikana hivihivi katika maumbile. Bomu lilikuwa limejaribiwa New Mexico tarehe 16 Julai 1945, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo. Upepo ulibeba vumbi, mvua ikalishusha, mto ukalipeleka kinuni. Webb alichapisha matokeo yake mwaka 1949.

Januari 1951 majaribio ya mabomu yalianza Nevada, na siku chache baadaye theluji iliyoanguka Rochester ikapimwa na kukutwa na mionzi. Kodak ililalamika na kutishia kwenda mahakamani. Tume ya nishati ya atomiki ya serikali ya Marekani ikakubali kuwapa watengenezaji wa filamu taarifa za majaribio mapema, ili wajikinge. Wazazi ambao watoto wao walikunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yaliyoangukiwa na vumbi hilo hawakupewa taarifa hiyo. Siri ililindwa kwa raia, ikafunguliwa kwa bidhaa. Jambo hili lilizungumzwa waziwazi katika Seneti ya Marekani mwaka 1997, na mimi kila ninapolisoma hasira hunipanda upya.

Ujio wa kamera za dijitali, ambazo mhandisi wa Kodak Steve Sasson alitengeneza mfano wake wa kwanza mwaka 1975, uliipunguza kazi ya kiwanda. Mwaka 2007 baadhi ya majengo ya Kodak Park yaliangushwa kwa baruti, na Januari 2012 kampuni ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Ilitoka humo mwaka 2013, na mitambo ya Rochester bado inapaka filamu. Ilipotengenezwa sinema ya Oppenheimer, iliyotoka mwaka 2023 na kuonyesha jaribio lile la New Mexico, Kodak iliitengenezea filamu maalumu ya rangi nyeusi na nyeupe yenye upana wa milimita 65.