Picha ya kifua iko safi, mbona bado nabanwa?

Barua za wasomaji kuhusu jambo hili zimerundikana. Mtu amepigwa eksirei, daktari ameitazama picha na kusema mapafu hayana kitu, lakini ikifika saa tisa usiku anakaa kitako kitandani, kifua kinapiga filimbi. Wengi huishia kwenye moja kati ya mawili: hospitali haijui kazi, au nimerogwa. Wengine huenda kwa yule bwana wa mashine ya “kupima mwili mzima”, nitamrudia.

Eksirei inaonyesha vivuli. Mfupa huzuia mionzi, hewa huipitisha, na nimonia au maji kifuani huacha doa jeupe. Pumu ni kitu kingine: misuli midogo inayozunguka vijia vya hewa inakaza, utando wa ndani unavimba, kisha hali inaachia. Hayo hayaweki kivuli, kwa hiyo picha ya mgonjwa wa pumu mara nyingi hutoka safi. Daktari huiagiza ili kuhakikisha tatizo si jingine. Pumu yenyewe hupimwa kwa kupuliza kwenye spairometa. Na kwa wanaoniuliza kila mara kuhusu ugumba: picha moja ya kifua ina mionzi isiyozidi takriban milisivati 0.1, wakati ardhi, anga na chakula hutupatia wastani wa milisivati 2.4 kila mwaka. Picha ya kifua haileti ugumba. Mjamzito aseme tu kabla ya kupigwa.

Cha kupendeza ni kwamba mionzi hiyohiyo, isiyoweza kuionyesha pumu hospitalini, ndiyo iliyotufunulia jinsi dawa yake inavyofanya kazi. Salbutamol, dawa ya pampu ya bluu, hukamata kipokezi kiitwacho beta-2, protini inayopenya ukuta wa seli ya misuli mara saba. Kwa miaka mingi hakuna aliyekiona. Molekuli moja hutawanya mionzi kidogo mno kuweza kupimika, hivyo lazima uzipange molekuli chungu nzima zikae mkao mmoja kama watoto wa halaiki uwanjani, yaani uzigeuze fuwele. Kipokezi hiki hakikubali kupangwa. Kinapenda mafuta, hakitulii, na kikitolewa kwenye ukuta wake huharibika. Mwaka 2007, kundi la Brian Kobilka wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walikituliza kwa karazolol, dawa inayokishika na kukizimisha. Fuwele za kwanza zilipatikana kwa kukifunga na kingamwili. Nyingine kwa kukata kipande kinacholegea na kupachika mahali pake kimeng’enya cha kirusi. Zilikuwa ndogo mno, zikahitaji mionzi ya mitambo mikubwa kama ule wa Grenoble, Ufaransa.

Mwaka 2011 walikinasa kikiwa kazini. Dawa inayokiamsha inapoketi kwenye kishimo cha upande wa nje, nguzo ya sita ya kipokezi inachanuka upande wa ndani kwa takriban nanomita 1.4, na protini iitwayo G inajipenyeza hapo. Ndani ya seli ishara zinapokezana, misuli inalegea, mgonjwa anapata pumzi ndani ya dakika chache. Kobilka na mtafiti mwenzake Robert Lefkowitz walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2012.

Dawa hiyo haibaki pale. Baada ya saa nne hadi sita nguvu yake imekwisha. Kwa hiyo wanaosema pampu “inazoesha mwili kama bangi”, au kwamba ukipewa pampu umebakiza siku, wanatishia watu bure. Ila ukiivuta kutwa kucha, seli huvizamisha baadhi ya vipokezi ndani, na uvimbe uliosababisha yote haujaguswa hata kidogo. Kibaya zaidi, kishimo hichohicho hukaliwa na propranolol, dawa ya presha na mapigo ya moyo, ambayo huziba njia badala ya kuifungua. Mwenye pumu anayeinunua duka la dawa bila kusema ana pumu anacheza na roho yake.

Sasa yule bwana. Unashika kipande cha chuma mkononi, kompyuta inatoa karatasi yenye “asilimia za mapafu”, kisha unauziwa chupa ya kusafisha kifua. Chuma cha mkononi hakipimi pumzi ya mtu. Ni wizi, tena kwa watu wanaohema kwa shida.

Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi mtu mzima kutegemea salbutamol peke yake. Anahitaji pia steroidi ya kuvuta, inayotuliza uvimbe. Muulize daktari wako kuhusu hiyo. Na kama unamaliza pampu tatu za bluu au zaidi kwa mwaka, usisubiri usiku mwingine wa kubanwa: hatari ya shambulio kubwa tayari imepanda. Nenda kliniki wiki hii.