Chujio la mchanga halipendi safari

Mvua ikinyesha Masisi, mashariki mwa Kongo, vijito hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Miteremko imelimwa na hulishiwa ng'ombe, na huko Rubaya watu huosha madini ya koltani kwenye maji yaleyale yatakayochotwa chini bondeni. Walikale, ndani ya msitu, maji yanaweza kuonekana maangavu kabisa, na hapo ndipo mtu hudanganyika: vijidudu vya kinyesi havionekani kwa macho.

Chujio la mchanga la nyumbani ni kasha la zege lililojazwa kokoto chini, changarawe katikati, na juu mchanga laini wenye chembe zisizozidi milimita 0.7. Mchanga wa mtoni huwa na uchafu wake. Jiwe lililopondwa na kuchekechwa ni bora. Osha mchanga huo, kisha tia kidogo kwenye chupa angavu na maji, tikisa, subiri sekunde chache. Maji yakibaki kama uji, rudia kuosha.

Bomba huanzia chini ya kokoto, hupanda ubavuni na kumwaga maji likiwa sentimita 5 hivi juu ya usawa wa mchanga. Kwa hiyo mchanga haukauki mradi chujio linatumiwa, na juu yake huota utando wa viumbe hai wanaowala vijidudu vya magonjwa. Kazi kubwa hufanywa na utando huo, nao huchukua wiki 3 hivi kukomaa. Umbo hili dogo la chujio lilibuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, miaka ya 1990, ila kanuni ni kongwe. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 Hamburg, Ujerumani, mji uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Jirani zao wa Altona walichota upande wa chini wa mto huo, baada ya maji machafu ya Hamburg kumwagwa humo, lakini waliyapitisha kwenye mchanga. Wengi wao walisalimika.

Tatizo la kwetu ni vita. Kasha la zege halibebeki kichwani, na familia iliyokimbia ikirudi baada ya mwezi hukuta mchanga mkavu na utando umekufa. Lazima ianze upya. Ndiyo maana sishauri chujio hili kwa kambi za waliokimbia vita. Huko ni klorini na bidoni yenye kifuniko. Chujio lifungwe kwenye kituo cha afya, shule au parokia, penye mtu wa kumimina maji kila siku.

Klorini itiwe kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa; ukiitia juu ya mchanga unaua utando. Maji yakianza kutoka polepole, koroga uso wa mchanga kwa kiganja, teka tope, ongeza maji. Usibadilishe mchanga. Na kwa walio chini ya machimbo: chujio hili haliaminiki kuondoa madini yaliyoyeyuka, basi tafuteni chemchemi iliyo juu ya mgodi.