Mufereji Huu Unaendaka Wapi?

Unakumbuka mvua ya mwezi wa kwanza? Imenyesha saa moja tu. Umesimama mlangoni pa nyumba yako hapa Dilala, maji mekundu yanaingia ndani ya lupango, watoto wanapandisha viti juu ya meza, na jirani anapiga kelele ng'ambo ya ukuta: "Ni weye uliziba mufereji!" Nawe unajibu: "Hapana, maji inatoka kwa bale ba kule juu!" Mvua inakatika, jua linatoka, lakini siku ya Mungu majirani wawili wanatoka misa bila kusalimiana.

Mara nyingi tunagombana hivi kwa sababu hatujui maji yetu yanatoka wapi na yanaenda wapi. Hebu tuhesabu pamoja. Mvua ya milimita 20 ikianguka juu ya lupango moja ya metre 20 kwa 30, inaleta litre 12,000 za maji, ndiyo kusema mapipa 60 ya litre 200. Hiyo ni lupango moja! Avenue nzima je? Zamani majani na udongo laini vilikunywa sehemu ya maji hayo. Leo kuna mabati, sima na udongo uliokanyagwa. Maji hayana mahali pa kuingia, basi yanatafuta njia.

Wenzetu wa Dar es Salaam walijifunza jambo hili kwa machozi. Mwezi wa kumi na mbili 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 katika mji ule. Mwaka 2015 ikaanza kazi iliyoitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Ardhi walitembea mtaa kwa mtaa pamoja na wakaaji wenyewe, wakaandika barabara, nyumba na mifereji. Wakaaji waliulizwa pia maji ya mafuriko yalifika wapi. Yote yakawekwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo kila mtu anaweza kuisoma na kuisahihisha bila kulipa.

Lakini kuchora mstari wa buluu peke yake hakutoshi. Swali gumu ni hili: mstari huo ni wa kitu gani? Ramani hiyo inatenganisha njia za maji namna hii:

1. Mto mkubwa, kama Lualaba yetu.

2. Kijito, yaani njia ya maji iliyoumbwa na Mungu mwenyewe. Kipimo chake ni rahisi: mtu mwenye nguvu anaweza kukiruka. Kuna vijito vinavyokauka kabisa wakati wa kiangazi, navyo bado ni vijito.

3. Mfereji wa kujengwa, ule tunaouita kanivo, wenye sima au mawe.

4. Mtaro wa udongo, uliochimbwa kwa jembe na pauni kando ya barabara.

5. Kaluvati, pale maji yanapopita chini ya barabara ndani ya bomba.

Utauliza: "Majina tu hayo, yatanisaidia nini?" Ndugu yangu, yanasaidia sana. Sima ni laini, maji yanakimbia juu yake. Udongo na majani vinayachelewesha. Ukiandika mtaro wa udongo kuwa kanivo, kompyuta itahesabu maji mengi kuliko yale mtaro unaweza kubeba, na mtu wa ofisi atasema: "Kartye hii imekwisha kupata mifereji, twende kwingine." Kosa dogo la neno moja, na nyumba zenu zinabaki ndani ya maji mwaka mwingine.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Kijito kikavu cha mwezi wa tisa kikiandikwa mtaro tu, mtu atasema kinaweza kufukiwa. Atauza kiwanja, mwingine atajenga. Mwezi wa kwanza kijito kitarudi kudai njia yake. Yesu alisema juu ya mtu aliyejenga juu ya mchanga. Sisi wakati mwingine tunajenga katikati ya mto.

Hapa kwetu kuna mambo mawili ya kuangalia zaidi. La kwanza ni ravini. Korongo lililochimbwa na mvua si mfereji, ni kidonda. Liandikwe kwa jina lake. La pili ni mashimo. Tangu 2014 huko Kasulo watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba. Mahali penye mashimo, mfereji unaweza kuishia ndani ya shimo ambamo mtoto wa mtu anafanya kazi. Basi usiandike mwanzo wa mfereji tu. Fuata mpaka mwisho wake.

Vijana wa parokia, kazi hii mnaiweza. Mwombeni ruhusa shefu wa kartye, mchukue daftari na metre, mwende watu wawili wawili, kungali jua. Msiingie ndani ya mfereji wakati wa mvua. Andikeni aina, upana, kina, na upande maji yanakoelekea. Mstari uliochorwa kinyume unapandisha maji mlimani! Andikeni pia pale mfereji ulipozibwa. Mfereji wa upana wa metre 1 na kina cha sentimetre 50, ukijaa udongo na plastiki mpaka nusu, haubaki na nguvu ya nusu; unabaki na chini ya nusu, maana maji machache yanasugua sana chini na kando.

Tena, waulizeni wazee. Mama mwenye mboga pembeni ya barabara anajua mambo ambayo picha ya kutoka angani haioni: "Bana, maji inapitaka fasi hii, inaenda kutokea nyuma ya masomo." Andikeni.

Siku ya salongo ikifika, daftari hilo litawaonyesha pa kuanzia: chini, kule maji yanakotokea, kisha mnapanda. Mkianza juu mnamtumia tu jirani wa chini matope yenu. Na yule jirani ndiye mwenzako wa jumuiya.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Maji ya lupango yetu yanaingia kwa nani?

2. Mfereji ulio karibu nasi ni wa aina gani, na mwisho wake ni wapi?

3. Kuna jirani tunayepaswa kumwomba msamaha mbele ya mvua ijayo?