Ploti ya Kitengela: kuuliza si ujinga

Huenda wewe na mwenzio mmechoka kulipa kodi kila mwezi, na akiba mliyoweka kwa miaka sasa inatazama upande wa Kitengela. Si nyinyi pekee. Mji huo, ulio kilomita 30 hivi kusini mwa Nairobi katika barabara ya Namanga, umewapa makao maelfu ya watu wenye ndoto kama yenu. Lakini kabla ya kutoa hata senti moja, keti tuzungumze.

Kwanza, fahamu ardhi hiyo ilitoka wapi. Yalikuwa malisho ya Wamaasai. Chini ya sheria ya mwaka wa 1968 ikawa ranchi ya pamoja, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikaanza kugawanywa, kila familia ipate hati yake. Viwanda vya EPZ vilipokuja Athi River katika miaka ya 1990, wafanyakazi walitafuta vyumba, na mashamba yakakatwa vipande. Kwa hivyo ploti unayoonyeshwa leo huenda imepitia mikono mitatu au minne. Je, mikono yote ilikuwa safi?

Usiridhike na hati ya kupendeza macho. Chukua nambari ya ploti uombe uchunguzi rasmi kwenye sajili ya ardhi ya Kajiado. Utajua mwenyewe ni nani, na kama kuna deni la benki au zuio la mahakama. Dalali akikwambia kuna "hati mama" tu na yako itafuata baadaye, jua kwamba shamba zima bado lina jina la mtu mwingine.

Halafu pima. Wengi huuziwa "50 kwa 100" wakiambiwa ni moja kwa nane ya ekari. Piga hesabu: hiyo ni futi mraba 5,000, ilhali sehemu ya nane ya ekari ni 5,445. Mlete mpima ardhi mwenye leseni akuonyeshe vigingi, na pia barabara ya kuingilia.

Ikiwa ardhi bado ni ya kilimo, lazima bodi ya kudhibiti ardhi itoe idhini, na maombi yapelekwe katika miezi sita baada ya mapatano. Bila idhini, mauzo ni batili. Mke wa muuzaji naye ana sauti: sheria ya mwaka wa 2013 inakataza mali ya ndoa kuuzwa bila mwenzi kukubali. Mzee akikuharakisha mfanye mambo kimyakimya mama asijue, ondoka. Huenda unanunua malisho ya watoto wake pamoja na kesi.

Unadhani ninakutisha? Kumbuka yaliyotokea Mavoko, jirani tu ya Kitengela, mnamo Oktoba 2023. Mahakama ilishaamua kwamba ardhi ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland, na matingatinga yakabomoa nyumba za watu waliodai kwamba waliinunua kwa pesa zao. Walikuwa na makaratasi, lakini hayakuzuia tingatinga.

Mwisho, tembelea mahali hapo wakati wa mvua. Udongo mweusi wa huko huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nao hudai msingi wa gharama. Waulize majirani maji hutoka wapi, kwani wengi hununua kutoka kwa malori.

Haya yote yatakula muda na pesa za wakili. Lakini linganisha gharama hiyo na jasho la miaka kumi. Mwuzaji wa haki atakungoja ukague. Anayekataa usitazame, ana mbuzi kwenye gunia.