Upana wa Reli na Safari ya Mzigo

Bandari ya Dar es Salaam ni mlango wa bahari kwa Tanzania, na vilevile kwa Zambia, Malawi, Burundi, Rwanda, Uganda na majimbo ya mashariki ya Kongo. Katika mji huo huanzia njia tatu za reli. Mtu azitazamaye kwenye ramani huenda akadhani kwamba behewa lililopakiwa katika njia moja laweza kuhamia katika njia nyingine yo yote. Sivyo ilivyo. Upana wa reli, yaani umbali uliopo baina ya nyuso za ndani za vyuma viwili vya njia, hutofautiana. Reli ya Kati ina milimita 1,000, TAZARA ina 1,067, na reli ya kisasa iitwayo SGR ina 1,435.

Tofauti hizo zina historia yake. Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893, na Reli ya Kati mwaka 1905; hii ya pili ilifika Kigoma mwaka 1914. Zote mbili walizipa upana wa mita moja, kwa kuwa njia nyembamba huweza kupinda kwa urahisi milimani na gharama yake ni ndogo. Kwa sababu ya usawa huo, mwaka 1963 reli hizo ziliunganishwa baina ya Ruvu na Mnyusi, na mabehewa yakaweza kupita toka upande mmoja hadi mwingine bila kupakuliwa.

TAZARA ilikuwa na shabaha nyingine. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia utawala wao mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya kusafirishia shaba isiyopita kusini. Reli hiyo ya kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilipewa upana wa milimita 1,067 ili iungane na reli za Zambia. Uamuzi huo uliifungulia Zambia njia ya bahari, lakini uliitenga TAZARA na reli za Tanzania yenyewe.

Tofauti ya milimita 67 haifiki upana wa kiganja cha mtu mzima. Hata hivyo yatosha kulizuia behewa. Kila gurudumu lina ukingo upande wa ndani, unaolishika lisitoke njiani. Na magurudumu mawili yamekazwa katika ekseli moja, hivyo nafasi iliyo kati yao haibadiliki. Mwanafunzi aweza kuuliza: kwa nini kisiongezwe chuma cha tatu, ili treni za aina mbili zitumie njia moja? Baina ya milimita 1,000 na 1,435 jambo hilo lawezekana. Baina ya 1,000 na 1,067 haliwezekani, kwa kuwa kitako cha chuma cha reli huzidi milimita 67, na vyuma viwili havitapata mahali pa kusimama. Hapana budi viwekwe vyuma vinne.

Je, reli pana ndiyo iletayo kasi? Behewa linapopita kwenye kona huelekea kupinduka upande wa nje. Katika njia iliyo bapa, kinacholipindua ni mv²/r, ikizidishwa kwa kimo h cha kitovu cha uzito. Kinacholizuia ni uzito wake mg, ukizidishwa kwa nusu ya upana wa reli, G/2. Pande hizo mbili zikilingana, v² = grG/2h. Basi, kona na kimo visipobadilika, kasi hufuata kipeuo cha pili cha upana. Kipeuo cha pili cha 1.435 ni karibu 1.2; kwa hiyo kutoka mita moja hadi milimita 1,435 faida ni asilimia 20 hivi tu. Kasi ya kilomita 160 kwa saa iliyokusudiwa kwa treni za abiria za SGR, zilizoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, imetokana zaidi na kona zilizonyoshwa, tuta imara, vyuma vizito, ishara bora na nguvu za umeme. Huko Queensland, Australia, treni ya umeme iliyoundwa ili iiname kwenye kona ilifikia kilomita 210 kwa saa mwaka 1999, juu ya reli ya milimita 1,067.

Hasara kubwa ya kutofautiana hutokea pale njia zinapokutana. Huko Kidatu, mkoani Morogoro, tawi la Reli ya Kati litokalo Kilosa hukutana na TAZARA, na mwaka 1998 palijengwa kituo cha kuhamishia mizigo. Mzigo utokao Zambia kwenda Mwanza kwa njia hiyo hauna budi kushushwa na kupakiwa upya. Muda hupotea, na gharama huongezeka. Tena, vichwa vya treni, mabehewa na vipuri vya njia moja haviazimwi na njia nyingine. Mafuriko yalipokata Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mabehewa yaliyokosa kazi hayangeweza kupelekwa TAZARA.

Dawa zipo, na kila moja ina bei yake. Mpakani mwa China na Mongolia mabehewa huinuliwa na kubadilishiwa magurudumu. Huko Hispania, tangu mwaka 1969, zimetumika treni ambazo magurudumu yake hujisogeza yenyewe zinapopita pole pole katika mtambo maalumu. Kwa Afrika Mashariki dawa iliyo karibu zaidi ni kontena. Vipimo vyake vimekubaliwa duniani kote, nalo laweza kukaa juu ya behewa la reli yo yote kati ya hizo tatu. Winchi nzuri, uwanja wa kutosha na ratiba zinazopatana huweza kuifanya kazi ya siku nyingi iishe kwa saa chache. Vyuma havitaongezwa upana kwa wepesi. Lakini mahali vinapokutana paweza kupangwa vizuri tangu siku ya kwanza ya kuchora ramani.