Kendu Bay Isomwe Kutoka Ziwani

Sisi tulioko nje tukirudi nyumbani na wageni, ratiba huwa ileile: Nairobi, Maasai Mara, pengine Mombasa, kisha siku moja kijijini ya kula samaki na kupiga picha na bibi. Mgeni huyohuyo akienda Cairo au Tunis hutembezwa mitaa ya kale msikiti kwa msikiti, akaelezwa nani alijenga nini na kwa nini. Kendu Bay nayo ina la kueleza, ila anayeiingia kwa lami ya Katito anaingilia mlango wa nyuma. Mji huu uliwekwa na watu waliokuja kwa maji.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, Ghuba ya Winam ndiyo ikawa njia kuu ya kwenda Nyanza Kusini. Meli na mashua zilishusha nguo na chumvi, zikapakia ngozi na simsim. Ndiyo maana mji wa kale umejibana karibu na ufuo, pamoja na maduka ya Wahindi yenye baraza mbele na Msikiti wa Tawakal, katikati ya nchi ya Wajaluo ambako wengi hawatarajii kusikia adhana. Njia hiyohiyo ya maji ilileta misheni. Novemba 1906, Mkanada Arthur Carscallen alivuka ghuba kutoka Kisumu akiwa na Peter Nyambo, mtu wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, wakachagua kilima cha Gendia kuwa makao ya Waadventista. Baadaye zikaja hospitali na mitambo ya kuchapa vitabu. Nyambo hutajwa kwa pumzi moja kisha akaachwa. Mimi ningetaka matembezi ya Gendia yaanze naye, kwani Mwafrika aliyesafiri toka mbali kiasi hicho kuja kuhubiri huku si mbeba mizigo wa mtu.

Atakayepinga atasema majengo yenyewe ni madogo na mengine yamechakaa, na kwamba anayetaka historia aende Migori, akaone Thimlich Ohinga. Kweli, kuta zile za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, mahali pengine zikipita mita 4 kwenda juu, zinashangaza, na UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Lakini Thimlich inasimulia watu waliojizungushia ukuta, wao na ng'ombe wao. Kendu inasimulia watu waliofungua mlango. Ukiona moja tu, umepata nusu ya habari. Na tukikaa kimya, wengine hutusimulia vibaya: dunia nzima inaijua Kogelo, Siaya, kwa ajili ya Obama, ilhali babu yake, Hussein Onyango, alikuwa mtu wa Kanyadhiang, jirani kabisa na Kendu Bay, na babaye rais alizaliwa hukohuko.

Pingamizi zito zaidi linahusu Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la mviringo nje kidogo ya mji. Wasomi watasema ni kreta ya volkano, na kwamba hadithi ya kikongwe aliyenyimwa hifadhi usiku wa ngoma, kijiji kikazama kwa mvua, haina nafasi katika maelezo ya historia. Kuhusu volkano sina ubishi. Ila jina lenyewe, kijiji kilichozama, linaonyesha watu wa hapa waliona kosa gani linastahili adhabu kubwa hivyo: kumfukuza mgeni. Katika mji ulioishi kwa wageni wa majini, hilo ni ushahidi wa aina yake. Mtembezaji mzuri atatoa maelezo yote mawili palepale ukingoni, heroe wakiwepo au wasiwepo, kisha aonyeshe bala, udongo wa chumvi ambao wenye mifugo huuchukua hapo ng'ombe wakaulambe. Maji hayo ya kijani hayanyweki, lakini watu hawajaacha kuyaendea.